Namwogopea, Simwogopi

Kuna mwenzetu mmoja, msomi tena, alisimama siku moja kwenye darasa letu la Kiingereza la jioni akasema hivi: "Hivi vijineno vidogo, of, for, about, with, msijisumbue navyo. Ukikosea, mzungu atakuelewa tu." Watu wakacheka, wakapiga makofi, maana hakuna mwanafunzi asiyefurahi kuambiwa asijisumbue. Mimi pia nilipiga makofi. Wakati huo nilikuwa sijaona kijineno kimoja kikimtoa kijana nyumbani kwa mama yake.

Leo nataka kumjibu, yeye na wote wanaosema kama yeye. Nina neno pia kwa walimu wetu wanaotukaririsha vijineno hivyo kama shairi, bila kutuambia vina kazi gani. Na nina neno kwenu, ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, maana kosa likishaingia kwenye tableti yenu halibaki kosa la mwanafunzi. Linakuwa habari ya mtu, na habari hiyo inamtangulia kila anakokwenda.

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana mtu wa kunyooshea wengine kidole.

Mimi ni mtu wa Kionga. Kwenye ramani wanaandika Quionga, kwa Kireno, wilaya ya Palma, huku juu kabisa karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Nilisoma miaka michache ng'ambo ya mto, upande wa Mtwara, ndiko nilikopata Kiingereza cha kuombea maji. Palma iliposhambuliwa, Machi 24, 2021, watu wa eneo letu tulitawanyika kila mtu na njia yake. Nilipofika kambini nikaulizwa, "You speak English?" Nikajibu, "Yes." Basi, nikawa mkalimani. Hakuna aliyenipima, hakuna aliyenifundisha. Nilipewa fulana na chupa ya maji, nikaambiwa kaa hapa.

Siku ya tatu au ya nne alikuja mama mmoja, rika la mama yangu mzazi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yake dada wa shirika mwenye tableti. Swali lilikuwa: hapa mnapoishi sasa, una hofu gani? Mama alifikiri, akafunga khanga vizuri, akasema, "Hofu yangu mwanangu. Nina hofu na mwanangu huyu mkubwa."

Mimi nikatafsiri: "She is afraid of her son."

Dada yule alibadilika uso. Akauliza upesi, je, anampiga? Nikamwuliza mama. Mama akashangaa: "Anipige? Anipigie nini?" Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua anaulizwa nini. Dada akaandika. Sijui aliandika nini hasa, lakini nadhani aliandika kwamba mama anaficha. Simlaumu. Amefundishwa kwamba anayepigwa nyumbani huficha, na ni kweli mara nyingi huficha.

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili kuzungumza na kijana. Walikuja kwa gari, mchana kweupe, majirani wote wako nje. Sasa ninyi mnaotoka Cabo Delgado mnajua. Gari la wageni likisimama mlangoni pa kijana wa miaka 19, jirani hasemi labda ni mambo ya ndani ya familia. Jirani anasema lile neno lingine, ambalo tangu Oktoba 2017, tangu Mocímboa da Praia, limewaponza vijana wengi waliokuwa nalo na wasiokuwa nalo. Na kijana mwenyewe alichosikia ni kwamba mama yake mzazi amekwenda kwa watu wa shirika kusema anamwogopa. Alichukua shuka lake, akaenda kulala kwa wavuvi. Kwa mama yake hakurudi miezi miwili.

Na mama alikuwa amesema nini? Kijana alikuwa na tabia ya kurudi kwenye mashamba ya zamani kuchimba mihogo, anatoka alfajiri, anarudi usiku. Mama alikuwa anaogopa atakamatwa njiani, na hawa au na wale. Alikuwa anamwogopea. Kwa Kiingereza ilikuwa "afraid for her son". Mimi nikasema "of". Herufi mbili badala ya tatu.

Haya, msomi wetu, nijibu. Mzungu alielewa?

Ndiyo, alielewa. Ubaya wa vijineno hivi uko hapo hapo. Ningeharibu sentensi nzima, dada yule angekunja uso akasema "Sorry?" na mimi ningerudia. Lakini sentensi yangu ilikuwa safi, haina kasoro, ila ilikuwa sentensi ya mwanamke mwingine. Kosa linalosikika hurekebishwa. Lililoniponza mimi lilikuwa na sura ya usahihi, ndiyo maana lilipita bila kusimamishwa.

Sasa twende kwa walimu. Tunafundishwaje? Mwalimu anaandika ubaoni: afraid of, angry with, tired of, worried about, sorry for. Tunanakili. Kesho mtihani, jaza nafasi zilizo wazi. Ukiandika "of" penye "for" unapata mkasi, hujui kwa nini, na ukiuliza unaambiwa, "Ndivyo Waingereza wanavyosema." Hilo si jibu. Mwanafunzi aliyejibiwa hivyo anaondoka akiamini kwamba vijineno ni mapambo, kama shanga za kwenye kofia, na siku moja atakutana na msomi wa kumwambia azivue.

Mimi nasema jibu tunalo, na liko kwenye Kiswahili chetu. Kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa kijineno kinachofuata nyuma, sisi tunaifanya ndani ya kitenzi. Chukua kucheka. Namcheka jirani: nimemdharau, kesho hatusalimiani. Namchekea jirani: nimemwonyesha uso mwema. Nacheka naye: tumekaa pamoja barazani. Mdomo ni ule ule na meno ni yale yale, lakini hakuna mtoto wa pwani anayechanganya matatu haya. Mwingereza anabaki na "laugh" yake, anaongeza nyuma: "laugh at" ni kumcheka, "laugh with" ni kucheka naye. Kwa kumchekea inabidi atafute kitenzi kingine, "smile at".

Mtu akikwambia vijineno hivi havina maana, mwambie aende akamwambie mkwewe "nakucheka" badala ya "nakuchekea", halafu arudi atupe habari.

Au chukua kuona. Nakuona, hakuna ubaya. Namwonea huruma, namwonea haya, namwonea wivu: hisia tatu, zote zimebebwa na hiyo "-ea". Lakini ukiiacha bila jina la hisia, ukasema tu "unanionea", umeshamshtaki mtu kwa dhuluma. Kutoka kuona mpaka kuonea ni silabi moja tu. Watu wa lugha kama hii hawawezi kuambiwa kwamba silabi ndogo haina uzito.

Kuogopa ndiyo hivyo hivyo. Namwogopa: hofu inatoka kwake. Namwogopea: hofu ni yangu, kwa ajili yake. Ningemsikiliza mama vizuri, ningemwuliza swali moja tu: "Mama, unamwogopa au unamwogopea?" Angejibu kabla sijamaliza. Yeye alisema "nina hofu na", na "na" yetu ni mlango ulio wazi pande zote mbili, unaingiza hofu ya kutoka kwake na hofu ya kumwendea. Hapo mkalimani hana ruhusa ya kukisia. Hata "namhofia" ndiyo hivyo, wengine hulitumia huku, wengine kule.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi Kiswahili hakina matundu. Ukisema "analia", nitauliza anamlilia nani, na hata ukinijibu "anamlilia mtoto", bado. Anamlilia mtoto aliyekufa ndiyo "cry for". Anamlilia Mungu ndiyo "cry to". Kitenzi kimoja, lakini mmoja ndiye anayeliliwa na mwingine ndiye anayeombwa msaada. Lugha zote mbili zina pahala pa kutelezea, na utelezi wa hii hauko pale ulipo utelezi wa ile. Ndiyo maana kukariri orodha hakutoshi.

Nikiwa mwalimu, na siku hizi jioni nafundisha, orodha nimeifuta. Naandika maswali matatu ubaoni. La kwanza: hisia inatoka kwenye nini? La pili: inamwelekea nani? La tatu: unaihisi kwa ajili ya nani? Kinachozaa hisia mara nyingi huchukua "of": afraid of, tired of, ashamed of, proud of. Anayebebewa hisia huchukua "for": afraid for, happy for, sorry for. Jambo linalozungumzwa huchukua "about": worried about, angry about, happy about. Mtu unayemwelekezea hasira huchukua "with" au "at": angry with the driver, angry at the driver. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa "angry with" mgawaji "about" unga, na sentensi ikakaa sawa, maana mtu ana nafasi yake na jambo lina nafasi yake. Ukisema "angry about" mgawaji, umemfanya mgawaji kuwa kama gunia.

Si kanuni ya chuma. Kuna vitenzi havitaki kijineno kabisa, na sisi tunavilazimisha. "I miss of my home," aliniandikia kijana mmoja. "Miss" haitaki kitu, ni "I miss my home", basi. "Love" na "hate" hali kadhalika. Lakini kwa maswali yale matatu, mwanafunzi anajua kwanza anataka kusema nini, na hapo kijineno kinakuja kama mtumishi aliyeitwa kazini.

Nimesema "miss of". Kosa hili halikutoka hewani. Kijana yule alisoma kwa Kireno, na Kireno kina vijineno vyake. Mreno husema "sonhar com", anaota na kitu, ndiyo vijana wetu wanasema "I dream with my house". Mreno husema "preocupado com", ndiyo unasikia "worried with my mother". Na Kiswahili nacho kinaongeza lake: "ameolewa na" inakuwa "she is married with", wakati Mwingereza anataka "to". Mwanafunzi mmoja alisema ile ya kuota, darasa likamcheka. Hapo nilikasirika kweli. Kichwani mwa kijana yule kuna Kimwani au Kimakwe cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni, Kireno cha shule, na sasa tunampa Kiingereza cha fomu. Lugha nne zinagombania mdomo mmoja. Huyo si mjinga, huyo ni mchukuzi wa mizigo mikubwa, na anayemcheka nataka nimwone akiubeba yeye.

Sisi watu wa Kionga tumezoea kubadilishiwa lugha ya serikali bila kuhama nyumba. Babu zetu walikuwa chini ya Wajerumani. Aprili 1916, katikati ya vita vyao vya dunia, Wareno wakaja wakaichukua pembetatu yetu ndogo ile kusini ya Ruvuma, na mwaka 1919, baada ya Mkataba wa Versailles, ikathibitishwa kuwa ni yao. Mtu alilala anaulizwa maswali kwa Kijerumani, akaamka anaulizwa kwa Kireno, mnazi wake uko pale pale. Leo, gesi imeonekana baharini mbele ya Afungi, vita vimekuja, na anayeuliza maswali anauliza kwa Kiingereza.

Najua kuna wanaosema kwa hasira: basi tuache, kwa nini tujikombe kwa lugha ya watu? Aliyekimbia ni mimi, mwenye kunielewa ajitahidi yeye. Hasira hiyo naiheshimu, na nitairudia kabla sijamaliza. Lakini naomba tuwe watu wazima. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikuwa unahesabu karibu watu milioni moja waliokimbia makwao kwa vita hivi vya Cabo Delgado. Kila aliyehojiwa alipita mbele ya mtu mwenye karatasi au tableti. Karatasi ile haisikii sauti yako ilivyotetemeka. Inabeba maneno tu, inakwenda nayo Pemba, Maputo, Geneva, kwa watu ambao hawatakuona maisha. Huko aliko mtu wa kuamua, wewe ni vijineno vyako.

Na sheria yenyewe imejengwa juu ya kijineno. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yake, hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au mawazo yake ya siasa. Kwa Kiingereza ni "fear of". Yaani sheria inauliza swali letu la kwanza: hofu yako inatoka kwenye nini? Mtu akiingia kwenye mahojiano ya namna hiyo akaeleza saa nzima anavyowaogopea watoto wake, na hakusema hata mara moja anamwogopa nani, anaweza kutoka akiwa amesema ukweli mtupu na hakujibu swali. Mkataba wa OAU wa 1969, huu wetu wa Afrika, ulifungua mlango zaidi, ukawaingiza wanaokimbia vita na machafuko yenyewe. Lakini hata huko utaulizwa ulikimbia nini.

Sitaki kutia chumvi. Mwaka 2021 UNHCR ilisema hadharani kwamba maelfu ya watu wa Msumbiji waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa. Sisemi kijineno kingewaokoa. Anayerudishwa mpakani bila kusikilizwa harudishwi kwa sababu ya sarufi. Nasema kwa wale waliopata bahati ya kusikilizwa, na wasikilizwe walichosema.

Ndugu zetu wa mashirika, sasa ni zamu yenu, na sitawaremba.

Mnatwambia "I am sorry". Mtu wetu anarudi nyumbani anauliza, "Yule kaka amekosa nini, mbona ananiomba radhi?" Kwenu neno hilo moja ni pole na ni samahani. Kwetu ni maneno mawili, na hayakutani. Halafu mtu wetu naye anajifunza kwamba pole ni "sorry", anakuona umejikwaa, anakwambia kwa roho safi, "I am sorry for you." Wewe unasikia unadharauliwa, maana "sorry for you" kwenu ni ya mtu anayemtazama mwenzake chini. Nimeona mfanyakazi mmoja akinuna siku nzima kwa jambo hilo. Alikuwa amepewa pole tu. Si mnaona? Kijineno kikiwaumiza ninyi, mnasikia.

Kuna lingine, na hili si la kuchekea. Mtu akisema kwa Kiswahili "nimechoka na maisha", mkalimani huandika "tired of life", na hapo wafanyakazi wa afya hushtuka, kwa haki kabisa. Lakini kwetu maneno haya husemwa pia kwenye foleni ya maji, na mtu anayepanga kupika jioni. Na wakati mwingine husemwa na mtu aliyefika mwisho kweli. Hakuna kijineno kitakachowatenganishia hawa wawili. Inabidi kuuliza, kwa upole, faraghani: maisha yamekuchosha, au umechoka kuishi? Vilevile mama mjamzito akisema "I am tired of walking" huenda alitaka kusema "tired from walking". Moja ni ya moyo, haitaki kutembea tena. Nyingine ni ya miguu, inataka kiti na muuguzi.

Na lile la "care". Mliuliza kwenye fomu moja, "Who do you care for?" Bibi mmoja alinisikia nikilisema hilo kama "unampenda nani", akawataja wajukuu wote, hata walioko Nampula. Mlikuwa mnauliza anamtunza nani nyumbani kwake. Mlitaka idadi ya wanaomtegemea, akawapa ukoo wake. Na sisi tukaambiwa watu hawa hudanganya idadi ili wapate chakula zaidi. Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyedanganya, ila mkalimani hakujua "care for" na "care about".

Najua mtasema: kosa ni la mkalimani, afundishwe. Kweli, na mkalimani huyo ni mimi, nimekiri mwanzo. Lakini nani alinipa kiti kile? Dereva wenu hamumpi gari bila leseni, hata gari la kubebea ndoo. Mimi nilipewa kuendesha maneno ya watu waliochomewa nyumba, na leseni yangu ilikuwa "Yes".

Basi nawaomba mambo manne, na nawaomba kwa sababu hayahitaji mradi mpya. Kwanza, kabla mtu hajainuka kwenye kiti, asomewe kilichoandikwa, kwa lugha yake, aseme ndivyo au sivyo. Mama yule angesomewa "unamwogopa mwanao", angeruka. Pili, neno la hisia liandikwe kama lilivyosemwa, kwa Kiswahili au Kimwani au Kimakonde, pembeni ya tafsiri, ili akitokea mwenye kujua arekebishe. Tatu, penye hofu, hasira na uchovu, ulizeni swali la pili siku zote: ya nani, kwa ajili ya nani, kutokana na nini. Nne, pimeni wakalimani, wafundisheni, na muwalipe, maana kazi ya bure hufanywa na aliye karibu, si na anayejua.

Ndiyo nairudia ile hasira ya wenzangu. Mna haki. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni asingepaswa kuwa ndiye wa kujifunza tofauti ya "of" na "for" ili aaminiwe. Mzigo huu ni wa anayeuliza kwanza. Lakini haki yako ikichelewa wewe hukai ukaingoja mikono mitupu. Jifunze. Usijifunze ili mzungu akusifu matamshi. Jifunze ili siku mtu akiandika habari yako uweze kuinama kwenye karatasi, uweke kidole kwenye neno moja, useme: hapana, hapa sivyo nilivyosema.

Yule mama nilikwenda kumwomba radhi. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, hata herufi zenyewe nikamchorea mchangani. Alisikiliza, akaniuliza, "Sasa ile yangu ni ipi?" Nikamwonyesha "for". Akaitazama. Akasema niende nikamchoree mwanawe pia.

Nilikwenda ufukweni kwa wavuvi, nikamchorea. Kijana hakusema kitu, alikuwa anatengeneza wavu. Lakini nasikia siku hizi anakula kwao.